Mwanangu ana sikoseli: tumaini hupatikana wapi katika mateso kama haya?

BabaWaMwanza: Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni baba wa mtoto wa miaka tisa mwenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tangu utotoni hushikwa na maumivu ya mifupa yanayomfanya alie usiku kucha, nami ninakaa kando yake bila neno la kumwambia. Ninaamini kwamba Mungu ni mwema, lakini sioni maana ya mateso ya mtoto ambaye hajamkosea mtu. Naomba waliopitia jambo hili wanieleze ni nini kiliwashikilia.

Mwombezi: Ndugu, jichunguze kwanza. Magonjwa ya kurithi mara nyingi yana mzizi katika ukoo. Tubuni, mfunge na kuomba, mlango huo ufungwe.

DadaFurahini: Mwombezi, wanafunzi walimuuliza Yesu habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, naye akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Yohana 9:3. Usimwongezee baba huyu mzigo ambao Bwana mwenyewe aliukataa.

MamaWaMarehemu: Pole sana, baba. Mimi nilimzika binti yangu kwa ugonjwa huohuo. Walioniambia kwamba ni mpango wa Mungu walinifanya nisitake kusali. Waliobaki nami ni akina mama wa jumuiya, ambao walifua nguo, wakapika uji, wakakaa nami mkekani. Marafiki wa Ayubu nao walifanya vema siku saba walipoketi naye chini bila kusema neno, wakakosea walipoanza kueleza. Sikupata maelezo hata leo, lakini nilipata watu, na kwa watu hao nilianza tena kuamini kwamba Kristo hakuniacha.

MuuguziMstaafu: Baba, sijaona mahali ulipotaja dawa anazotumia wala lini alikwenda kliniki mara ya mwisho.

BabaWaMwanza: Asante, lakini swali langu ni la kiroho.

MuuguziMstaafu: Nimelielewa, nami ni Mkristo. Anatumia dawa gani?

BabaWaMwanza: Basi niseme. Alikuwa akitumia haidroksiyurea. Katika mkutano wa injili mtumishi alimwombea, akatangaza kwamba amepona, na akasema kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kumwita Mungu mwongo. Nikavisimamisha. Sikuvitupa, vipo kabatini. Kwa wiki kadhaa mtoto hakulalamika kabisa, na hilo kwangu lilikuwa ushuhuda. Mama yake hakukubali, lakini mwenye kuongoza nyumba ni mimi, na sikutaka kusimama mbele za Mungu kwa miguu miwili tofauti.

MuuguziMstaafu: Sikoseli huweza kutulia kwa wiki kadhaa na kisha kurudi kwa nguvu, kutulia si kupona. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wanaotumia dawa hiyo hupata maumivu machache zaidi, malaria hupungua, na vifo hupungua pia. Paulo alisafiri na Luka, akamwita tabibu mpendwa, wala hakuona kwamba tabibu anamdharau Mungu.

Mdadisi: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Mwanzoni mtoto analia usiku kucha, baadaye halalamiki kabisa. Mtumishi hana jina, mkutano hauna mahali. Visa vya namna hii huandikwa ili kuwachafua watumishi wa Mungu.

DadaFurahini: Hata kama kimetungwa, wapo wazazi wanaosoma hapa huku vidonge vikiwa kabatini. Tuendelee kumjibu.

BabaWaMwanza: Jina sitalitaja, kwa sababu sikuja kumshtaki mtu. Ndugu Mdadisi, zile wiki za utulivu zimekwisha. Maumivu yamerudi tangu jana, na jioni hii ana homa. Ameniuliza kama yamerudi kwa sababu yeye hakuamini vya kutosha. Nilikosa jibu, ndipo nikaandika hapa.

MuuguziMstaafu: Baba, homa kwa mtoto wa sikoseli ni dharura, kwa kuwa wengu wake hauwezi kumkinga vizuri dhidi ya maambukizi. Mpeleke hospitali usiku huu, usisubiri asubuhi, na uwaambie bila kuficha kwamba dawa ilisimamishwa.

MamaWaMarehemu: Na swali lake mjibu mkiwa njiani. Mwambie kwamba Yesu pale Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke, na hakikumwepuka, wala hakuna Mkristo anayethubutu kusema kwamba imani ya Yesu ilikuwa haba. Hata alipofufuka, alama za misumari zilibaki mikononi mwake. Mtoto wako hajashindwa mtihani wowote, na aliyeteseka kabla yake yupo pamoja naye katika maumivu hayo. Mimi nimeishi kwa tumaini hilo tangu nilipomzika binti yangu. Sijapata jingine lililobeba uzito ule.

BabaWaMwanza: Tunatoka sasa. Mama yake ameshika kadi ya kliniki, nami nimevichukua vidonge ili madaktari waamue. Lakini siwezi kukubali kwamba maombi yale yalikuwa bure.

MamaWaMarehemu: Hakuna aliyesema hivyo, baba. Endelea kuomba, na ukifika mpe daktari kadi.