Tupeane uzoefu: kompyuta mpya umeiunda mwenyewe, RAM (kumbukumbu yake ya muda) inakutesa

Mwanzisha mada, Uyole, Mbeya
Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi, halafu kila aliyepitia haya asimulie ya kwake. Huku kwetu kifaa kikikugomea, ni kukirudisha Dar kwa basi na kusubiri, kwa hiyo bora tujue tatizo liko wapi kabla ya kufunga mzigo.

Mwaka jana mwezi wa saba niliunda mashine ya kuhariria video za harusi: prosesa ya Ryzen, RAM mbili za DDR4 (kizazi cha nne), GB 16 kila moja. Siku ya kwanza mambo safi. Ya pili, nikiwa natoa video ya sendofu, skrini ikawa bluu: MEMORY_MANAGEMENT. Ikajiwasha. Nusu saa baadaye bluu tena, ila maneno mengine: IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Kesho yake kivinjari kikaanza kujifunga chenyewe. Mkiona kosa linabadilika hivyo kila mara, ishikeni RAM kwanza.

Mimi sikuishika. Nilipiga Windows upya mara tatu, na mara ya tatu ikagoma katikati ikisema faili limeharibika. Nikalaumu flashi.

Mwishowe jamaa yangu akaniambia niweke Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, mashine iwakie humo badala ya Windows. Nikakaa nayo usiku, nimejifunika blanketi, baridi ya Uyole mnaijua. Haikufika robo saa, mistari myekundu ikaanza kushuka, kila mmoja na anwani yake. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikabakiza RAM moja. Ikapita raundi nne bila kosa. Nikaweka ya pili kwenye sloti (tundu la kuchomekea) ileile: nyekundu. Nikaihamishia sloti nyingine: nyekundu. Hapo nikajua mbovu ni RAM, mazabodi (ubao mkuu) iko salama. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia muuzaji, akanibadilishia.

Kinachoniuma mpaka leo ni kingine. Siku zile mbili nilikuwa nimeshahamisha video za harusi moja kutoka kwenye kamera na kufuta kadi. Mbili zilikuwa zimeharibika, moja ni ya mama mzazi wa bibi harusi akimkabidhi binti yake. RAM mbovu inachafua data inayopita ndani yake, na diski inahifadhi uchafu huohuo. Nawaombeni sana, mashine mpya isipewe kazi ya mtu kabla haijalala na Memtest usiku mzima.

Mdau, Kihesa, Iringa
Pole sana kaka. Yangu haikuwa mbovu, ilikuwa spidi. RAM imeandikwa 3200, nikaiwasha inasoma 2133, nikaona nimeibiwa. Kumbe spidi ya kwenye boksi mpaka uwashe XMP (mpangilio wa spidi uliomo ndani ya RAM) kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows. Nikawasha, ikakaa vizuri wiki nzima, kisha nikaongeza RAM mbili za kampuni nyingine ili sloti zote nne zijae. Bluu kila siku! Nimehangaika na BIOS mpya, nimehangaika na volti (zote zinataka 1.35), wapi. Nilipozima XMP ikatulia. Sasa natumia 2133 ileile ya mwanzo na sijaona bluu tena. Ushauri wangu, nunueni pakiti moja ya mbili, msiokoteze.

Mdau, Makambako
Mimi RAM ilikuwa haijaingia vizuri tu. Upande mmoja ulilia “ta”, mwingine haukulia, nikaona inatosha. Bonyeza mpaka kibanio kijifunge chenyewe. Na kama una mbili, mazabodi nyingi zinataka sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu chake kinaonyesha.

Dada wa Tukuyu
Wenye DDR5 (RAM za kizazi cha tano) msiwe na haraka kama mimi. Niliwasha, skrini nyeusi, nikazima. Nikawasha, nyeusi, nikazima. Jioni nzima! Kumbe mara ya kwanza mashine inajipima na RAM zake, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Nilipoiacha nikaenda kuepua maharage, nilirudi nikakuta imewaka.

Mdau, Mafinga
Wakuu, yangu Memtest imepita usiku kucha, lakini nikifungua gemu inajizima papo hapo. Bluu hakuna. Nibadilishe RAM?

Mwanzisha mada
Hapana mkuu, usinunue RAM. Kuzimika ghafla bila bluu, tena ikibeba mzigo, naanza na umeme au joto. Pawa saplai (kifaa kinachoipa mashine umeme) ni ya wati ngapi, na uliitoa wapi?

Mdau, Mafinga
Wati 400. Niliitoa kwenye mashine ya zamani ya ofisini, ina miaka mingi.

Mwanzisha mada
Azima ya mtu, kubwa kuliko hiyo, uijaribu na gemu lilelile. Tuletee majibu hapa.