Unasihi unaomlenga mteja: kama mnasihi hatanishauri, ninakwenda kufuata nini?

Msubiri_Zamu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wale waliowahi kupitia unasihi au wanaoufanya kama kazi. Tangu nilipofiwa na mama mwaka jana usingizi wangu umeharibika, nimekuwa mwepesi wa hasira, na nyumbani wananiambia kwamba siku hizi nipo lakini sipo. Daktari alinipima, hakuona ugonjwa wa mwili, akanishauri nimwone mnasihi. Nimepangiwa vikao 6 vya mwanzo, kila kimoja dakika 50, kuanzia wiki ijayo. Nilipopiga simu kuuliza nijiandae vipi, mnasihi alinieleza kwa upole kwamba yeye hufuata njia ya kumlenga mteja, na kwamba hatanipa ushauri wala kunipangia la kufanya. Nilimshukuru, nikakata simu, halafu nikabaki nimeduwaa. Je, ni kweli kwamba hukaa tu akirudia maneno yako? Atanichimba habari za utotoni? Na nitajuaje kwamba kuna kinachoendelea, maana kuzungumza peke yangu naweza hata bafuni?

Mzee_wa_Kusikiliza amejibu:

Pole sana kwa msiba, ndugu Msubiri. Nimefanya kazi hii miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu waliokuwa wameshakaa kwenye kiti. Naona kosa ni la jina. Wengi wetu tunaiita kazi hii ushauri nasaha, na maneno yote mawili yanaashiria kwamba mmoja anajua na mwingine anaambiwa, hivyo mtu huja akiwa ametega sikio. Njia uliyotajiwa ilizaliwa kwa kuupinga mpangilio huo hasa. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kuieleza hadharani mwaka 1940 na kwanza ilijulikana kama njia isiyoelekeza. Kufikia mwaka 1951, alipoiandikia kitabu kizima, ilikuwa imepata jina la kumlenga mteja. Alipendelea kusema "mteja" kuliko "mgonjwa" kwa sababu hakutaka anayekuja aonekane kama mtu wa kutibiwa huku ametulia tuli.

Msingi wake ni imani kwamba ndani ya kila kiumbe hai kuna msukumo wa kukua ambao hali mbaya huweza kuupinda lakini si rahisi kuuzima. Rogers alikumbuka viazi vya akiba vilivyowekwa katika chumba cha chini ya nyumba yao alipokuwa mtoto, na jinsi katika giza lile vilivyotoa machipukizi meupe, dhaifu, yaliyorefuka kulifuata dirisha dogo la mbali. Ukikubali picha hiyo, kazi ya mnasihi inakuwa kuandaa mazingira, na kuchipua kunabaki kuwa kwako.

Mazingira hayo aliyaeleza mwaka 1957 katika masharti 6, na matatu kati yake, yale yanayomhusu mnasihi mwenyewe, ndiyo yanayotajwa zaidi. Kwanza awe mkweli, asijifiche nyuma ya cheo chake. Pili akukubali bila masharti, jambo ambalo watu hulichanganya na kukubaliana na kila unalotenda. Unaweza kumwambia kwamba ulimfokea mtoto bila sababu, naye asikuhukumu na asikusifu. Tatu ni kukuelewa kutoka ndani, na hapa naomba tusiseme huruma, kwa sababu mwenye huruma husimama ukingoni akikusikitikia, ilhali mnasihi hujaribu kuona jambo kama unavyoliona wewe, bila kusahau kwamba macho ni yako.

Kikao cha kwanza kwa kawaida huanza na makubaliano: muda, malipo kama yapo, kuahirisha, na siri. Sikiliza vizuri sehemu ya siri, kwa sababu ina mipaka. Mnasihi anaweza kulazimika kuvunja siri maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhuriwa, na sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Pia wanasihi wengi huwa na msimamizi wa kitaaluma ambaye hujadiliana naye kazi yao bila kumtaja mteja kwa jina. Baada ya hapo ataacha mlango wazi, na utotoni mtafika ukifika wewe. Ukitaka kumzungumzia mama, sawa. Ukitumia nusu ya kikao kulalamikia bomba linalovuja, sawa pia, na mara nyingi bomba hilo huwa na habari zake.

Nilikaa_Kiti_Hicho amejibu:

Mimi si mtaalamu. Nilikuwa mteja kwa takriban miezi minane, wakati nilipokuwa nikimuuguza ndugu yangu na maji yalikuwa yamezidi unga. Nikiri kwamba vikao viwili vya mwanzo niliviona ni kupoteza wakati. Nilizunguka mbuyu, nikatoa taarifa za dawa na ratiba za hospitali, naye akafuatana nami bila kunisukuma, hata nikarudi nyumbani nimekasirika kwamba hakunisukuma.

Katika kikao cha tatu nilikuwa nikieleza jinsi ninavyoamka mara nne kwa usiku, nikamalizia kwa kusema, "Lakini nimeshazoea." Mkoba ulikuwa mapajani na mkanda wake nilikuwa nimeuzungusha kwenye vidole hadi vikaanza kufa ganzi. Mnasihi alisubiri kidogo, akasema, "Umesema umeshazoea, na sauti ikashuka hapo nusura nisikusikie. Sina hakika kama nimekuelewa." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza. Ukimya ule haukuwa mfupi. Nilihesabu vitabu vyote vya rafu ya juu. Mwishowe nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba sijazoea, nimechoka, na naona aibu kuchoka wakati anayeumwa si mimi.

Kila niliyewahi kumdokezea hata nusu ya hayo aliwahi kunikatiza: usione aibu, wewe ni shujaa, Mungu anakuona. Yeye hakusema lolote kati ya hayo. Alisema tu, "Uchovu, na juu yake aibu ya uchovu." Nililia, tena si kidogo. Wiki iliyofuata nilimwambia dada yangu tugawane usiku, jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshanishauri na sikulifanya. Sijui kulieleza vizuri kuliko hivyo, ila nakuhakikishia kwamba bafuni nisingelisema.

Jicho_la_Pili amejibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini ndugu aliyeuliza asije akadhani kwamba kila kiti kiko hivyo. Mnasihi niliyempata mimi alikuwa kasuku. Nikisema nimechoka, anasema, "Unahisi umechoka." Nikisema sielewi tunaelekea wapi, anasema, "Unahisi huelewi tunaelekea wapi." Baada ya vikao vinne niliacha kwenda, na sikumwambia sababu.

Tena tatizo langu lilikuwa hofu kali ya kupanda lifti, na nilikuja kusaidika kwa njia nyingine, ile ya kuikaribia hofu hatua kwa hatua kwa mpango maalumu na mazoezi ya nyumbani. Naamini kwa hofu za aina hiyo, na kwa wale wanaosumbuliwa na mawazo yanayowalazimisha kurudia jambo lile lile, ni vyema kuulizia tiba zenye mpangilio kwanza. Hata kwa sonona matokeo hayako upande mmoja. Utafiti uliofanyika Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha unasihi wa mkondo huu na tiba ya utambuzi na tabia, yaani ile inayomfundisha mtu kubadili namna anavyofikiri na kutenda. Baada ya miezi 6 unasihi haukuachwa nyuma, lakini kufikia miezi 12 tiba ya utambuzi na tabia ilionekana kuwa na nafuu zaidi. Sisemi usiende. Nasema uende ukijua.

Mzee_wa_Kusikiliza amejibu:

Ndugu Jicho la Pili, sina ubishi nawe kuhusu lifti, na kasuku wa aina hiyo nimewahi kuwafundisha, kwa hiyo nina sehemu ya lawama. Hata Rogers alikereka kuona kazi yake ikigeuzwa mbinu ya kurudia maneno, na mwaka 1986 aliandika kwamba yeye alipomrudishia mteja kauli alikuwa akihakiki kama amemwelewa. Tofauti huonekana mteja anaposema, "Hapana, si hivyo." Mnasihi aliyekuwa akihakiki hufurahi kusahihishwa, ila kasuku hupotea njia.

Ninachosikitika ni kwamba uliondoka bila kumwambia. Nasema hivi kwa ajili ya aliyeuliza: katika njia hii, kusema "naona hunisaidii" ni sehemu ya kikao chenyewe, na si utovu wa adabu, hata kama mnasihi ni mkubwa kwako kwa umri. Namna atakavyolipokea itakueleza mengi. Akijitetea au akikulaumu, tafuta mwingine bila kuona haya.

Neno moja zaidi. Ukosefu wa usingizi na hasira baada ya msiba ni mambo tunayokutana nayo sana, lakini ikiwa kuna nyakati unawaza kuyakatisha maisha yako, usingoje wiki ijayo. Rudi kwa daktari au nenda kwenye huduma ya dharura leo.

Msubiri_Zamu amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mzee shikamoo. Hilo la mwisho halipo, ila nimelisoma mara mbili na nimefurahi kwamba umeuliza. Nimebakiwa na dogo ambalo naona haya kulipigia simu. Nimeandika karatasi ya mambo ninayotaka kuyasema kuhusu mama, kurasa mbili, kwa sababu nikianza kusema hukwama kooni. Je, kwenda nayo ni kuharibu utaratibu?

Mzee_wa_Kusikiliza amejibu:

Marahaba. Nenda nayo. Unaweza kuisoma yote, ukaisoma nusu, ukampa aisome yeye, au ukaishika tu mkononi dakika zote 50. Nimewahi kukaa na mtu aliyekuja na karatasi yake vikao vitatu mfululizo, akaikunjua katika cha nne.