Pasi ya mwanafunzi imekwama, fildi inaanza Mei. Mwenye uzoefu wa Kisumu?

Baraka, Kisumu

Habarini wanajumuiya, Watanzania wenzangu huku Kenya. Wakubwa, shikamooni.

Niko mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, hapa Kisumu. Pasi yangu ya kukaa huku kama mwanafunzi iliisha Februari. Niliomba upya kwenye eFNS, mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji, tangu Desemba: barua ya chuo, matokeo, kurasa za pasipoti, vyote viko. Mpaka leo inasoma inashughulikiwa. Jana nimekwenda dirisha la Uhamiaji mara ya nne. Dada wa pale akasema kitambulisho cha mgeni hawezi kukigusa mpaka pasi itoke, na pasi inaamuliwa Nairobi.

Sasa nimepata fildi, mafunzo ya kazini (huku wanaita atachimenti), kwenye kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya karo za shule. Miezi mitatu, kuanzia Mei. Wanataka PIN ya KRA, namba ya kodi, na kitambulisho kilicho hai. Naomba kuuliza: naweza kuanza kwa ile risiti ya maombi? Au fildi ina pasi yake, ile ya intaneshipu? Chuo wananituma ofisini, ofisini wananirudisha chuo.

Mama Neema, Nakuru

Marahaba mwanangu, pole sana. Cheti chako cha NECTA, cha mitihani ya nyumbani, ulikilinganisha na vya huku? Binti yangu alikwamia hapo hapo. Alikuja na kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), wakamwuliza hizo herufi ni jina la nani. Tulizungushwa ofisi tatu, nauli ya Nairobi nimelipa mpaka kondakta akanizoea. Anza na KNQA, mamlaka ya Kenya inayotambua vyeti.

Deo, Njoro

Mama Neema, kwa heshima zote, hajauliza cheti. Yuko mwaka wa tatu, hayo alishayavuka.

Baraka, angalia kama malipo yako yalisoma. Mimi yangu ilikaa wiki tano kwa sababu hela ilitoka M-Pesa lakini eCitizen, mfumo wa huduma za serikali, haikuiona. Hakuna aliyenipigia. Nilijua nilipofungua risiti mwenyewe.

Zuhura, Kakamega

Deo, usimpoteze mtoto wa watu. Sisi wa EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, pasi ya mwanafunzi hatulipii. Mimi sikulipa hata shilingi.

Deo, Njoro

Wapi nimeandika pasi? Nimeandika malipo. Kitambulisho cha mgeni nililipia na risiti ninayo. Tusome kabla ya kujibu.

Zuhura, Kakamega

Haya, yaishe.

Baraka, mimi fildi nilifanya 2019 na kitambulisho changu kilikuwa kimekufa. Nilichofanya, nilimwomba mkuu wa idara anipangie hapo hapo chuoni, kitengo cha kompyuta. Chuo hakikuuliza karatasi, kinanijua. Lakini nikwambie ukweli: nilikuwa nimetoka kulia muhula mzima na pointa za lugha ya programu ya C, nikajiona nimeiva, nikaishia kubadilisha wino wa printa na kuvuta nyaya darini kwa wiki kumi na mbili. Sikuandika hata mstari mmoja wa programu. Daftari la fildi nilijaza "matengenezo ya mtandao" kila siku mpaka msimamizi akacheka. Nilipomaliza chuo nikaenda kuomba kazi, wakaniuliza umejenga nini. Nikataja printa.

Kwa hiyo hiyo nafasi ya mifumo ya karo usiiachie. Utagusa hifadhidata ya kweli, yenye wazazi wanaolipa nusu nusu na mtoto aliyesajiliwa mara mbili kwa majina tofauti. Darasani hupewi hiyo.

Mzee wa Bukoba, Kisumu

Vijana, hongereni kwa kusoma hiyo tarakilishi. Mimi nilishuka hapa bandarini mwaka 1974, nimeshikwa mkono na baba, tumetoka Mwanza na MV Victoria. Jumuiya ilikuwa moja, hakuna aliyetuuliza pasi. Ilipovunjika 1977 mpaka ukafungwa, na shangazi yangu wa upande wa pili hatukumwona mpaka 1983. Leo tuna Jumuiya tena, lakini naona imekwama kwenye kompyuta.

Deo, Njoro

Shikamoo Mzee. Ila tarakilishi tuwaachie Wakenya, na wao wenyewe wanaiandika kwenye mtihani tu.

Kinachoniuma mimi ni miaka. Rafiki zangu niliomaliza nao kidato cha sita walichukua shahada ya kompyuta Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa miaka mitatu. Mimi hapa minne, na mwaka wa kwanza wote nafundishwa hesabu nilizozimaliza kidato cha tano, kwa sababu wenzangu wametoka kidato cha nne.

Zuhura, Kakamega

Si kosa lao. Kidato cha tano na sita walikifuta na mfumo wa elimu wa 8-4-4, na KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, ya kwanza ilifanywa 1989. Na huo mwaka wa kwanza ulikusaidia, usijifanye. Nani aliyekuwa ananipigia usiku kuuliza kitanzi cha programu yake mbona hakiishi?

Mama Neema, Nakuru

Mimi nasema tangu ile amri ya Julai 2025, ya biashara 15 ambazo wageni hawaruhusiwi kwetu nyumbani, kila dirisha huku nikitoa pasipoti ya Tanzania naangaliwa. Hata sokoni. Mteja wangu wa miaka sita ananiambia, "Mama, kwenu mmetukataza hata kutengeneza simu." Nimemwambia amri sikuitunga mimi, mimi nauza vitenge.

Mzee wa Bukoba, Kisumu

Mama Neema, siasa tuziache hapa. Jana nimenunua sato hapa ufukweni Dunga, Wajaluo wanamwita ngege. Samaki ziwa lile lile, lakini haikuwa na ladha. Nadhani ni ndizi zilizokosekana pembeni.

Zuhura, Kakamega

Mzee umenikumbusha senene. Usiku huu!

Baraka, Kisumu

Asanteni wote. Samahani kurudia. Kampuni wamenipa mpaka Ijumaa. Risiti ya maombi inatosha au haitoshi?

Deo, Njoro

Inategemea kampuni. Mwenzangu mmoja walimkubali, mwingine walimkataa siku ya kwanza getini, na walikuwa na karatasi zile zile. Ila PIN ya KRA shughulikia leo, usisubiri.

Zuhura, Kakamega

PIN bila kitambulisho ataipataje? Ndicho anacholilia.

Mama Neema, Nakuru

Baraka mwanangu, mimi naona uende Nairobi mwenyewe ukasimame mbele yao. Na ukipita Nakuru nipigie, nina mzigo mdogo wa vitenge wa kupeleka Gikomba. Hauna uzito.