Kijana anaandikiwa na makocha wa futiboli: je, wastani wa 2.3 unatosha kumwingiza chuoni?

Mama Tumaini (Columbus, Ohio)

Hamjambo ndugu zangu. Kijana wetu ana miaka 16, yuko darasa la kumi na moja katika shule ya umma hapa Ohio, na anacheza futiboli ya Kimarekani katika safu ya mbele. Tangu msimu uliopita makocha wa vyuo kadhaa wamekuwa wakimwandikia, na wawili wameshamwalika kutembelea vyuo vyao. Wastani wake wa alama ni 2.5 kati ya 4.0, na hisabati ndiyo inayomsumbua zaidi. Kocha wake wa shule ametuambia tusiwe na hofu, kwa sababu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, inadai 2.3 tu, na chuo kikimtaka mchezaji hakikosi njia ya kumpokea.

Mume wangu ameridhika na maelezo hayo, lakini mimi sijaridhika. Jirani yetu ana binti mwenye wastani wa 3.9 ambaye alikataliwa na mojawapo ya vyuo hivyo. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama kweli hiyo 2.3 ndiyo sharti la kudahiliwa. Naomba pia maoni yenu ya dhati: chuo kinachompokea kijana ambaye alama zake ziko chini ya zile za karibu wenzake wote darasani kinamsaidia, au kinamtumia kwa misimu minne kisha kinamwacha? Niongeze kwamba alianza kidato cha kwanza Mombasa kabla hatujahamia huku, na sijui masomo yale yanahesabiwaje.

Mshauri wa Wanafunzi (Minneapolis)

Mama Tumaini, kocha amechanganya mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. NCAA haimdahili mtu yeyote. Inachoamua ni kama mwanafunzi anastahili kucheza, kufanya mazoezi na timu na kupewa ufadhili wa michezo katika mwaka wake wa kwanza. Udahili ni uamuzi wa chuo chenyewe, na vyuo vinatofautiana sana: viko vinavyompokea karibu kila mchezaji aliyetimiza masharti ya NCAA, na viko kama Chuo Kikuu cha Stanford ambako kocha anaweza kumtaka kijana kwa moyo wote na bado idara ya udahili ikamkataa. Hata ofa ambayo kocha anaitoa kwa mdomo haimfungi yeye wala haimfungi kijana wako.

Sasa tuangalie hiyo 2.3, kwa maana hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama. Wastani huo, ambao ni wa Daraja la Kwanza la NCAA, yaani ngazi ya juu ya mashindano yake (Daraja la Pili, linalofuata, wanadai 2.2), hauhesabiwi kwa masomo yote yaliyo kwenye ripoti ya shule. Unahesabiwa kwa masomo 16 ya lazima peke yake: Kiingereza miaka minne, hisabati miaka mitatu kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi miaka miwili, sayansi ya jamii miaka miwili, mwaka mmoja wa ziada katika Kiingereza, hisabati au sayansi, na minne mingine ambamo lugha za kigeni zinaweza kuingia. Mazoezi ya viungo, muziki na ufundi havimo. Kama 2.5 ya kijana wako imebebwa na masomo ya namna hiyo, inawezekana kabisa kwamba wastani wake halisi machoni pa NCAA uko chini ya 2.3, na hakuna aliyewaambia.

Kuna jambo la haraka zaidi. Kwa Daraja la Kwanza, masomo 10 kati ya hayo 16 lazima yakamilike kabla ya kuanza muhula wa saba, yaani kabla ya darasa la kumi na mbili, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Muhula huo ukishaanza, alama za masomo hayo zimefungwa. Kuyarudia ili kuzipandisha hakusaidii tena. Kijana wa darasa la kumi na moja aliyeshindwa hisabati ana kipindi kinachobaki cha mwaka huu na likizo ya kiangazi, basi. Akiishia kati ya 2.0 na 2.3 anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi katika muhula wa kwanza, lakini hatacheza mechi mwaka mzima.

Kuhusu Mombasa: NCAA huanza kuhesabu miaka minne tangu mwaka wa tisa wa masomo, popote ulipofanyika. Ikiwa kijana alimaliza kidato cha kwanza kisha akarudishwa darasa la tisa hapa, msisubiri. Mwandikisheni sasa katika Kituo cha Ustahiki cha NCAA na mpeleke matokeo ya Mombasa yenye muhuri wa shule, kwa kuwa nyaraka za nje huchukua muda kuchunguzwa. Angalieni pia kama aliwekwa katika madarasa ya Kiingereza ya wageni au ya kurekebisha udhaifu, na mhakikishe kila somo liko katika orodha ya masomo yaliyoidhinishwa ambayo NCAA inayo kwa kila shule ya sekondari.

Mitihani ya SAT na ACT, ambayo wanafunzi hufanya kwa ajili ya kuomba vyuo, iliondolewa katika masharti ya NCAA mwezi wa Januari 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza bado kuidai, kama vinavyofanya Chuo Kikuu cha Georgia na vyuo vikuu vya umma vya Florida.

Mwalimu Mstaafu

Dada yangu, mwenzangu amekujibu vizuri kuhusu kanuni. Mimi nitajibu swali lako la pili, kwa sababu nimelifikiria kwa miaka mingi na linaniuma.

Masharti haya hayakuzaliwa kwa wema wa vyuo. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Georgia, wachezaji tisa wa futiboli waliofeli Kiingereza cha kurekebisha udhaifu walipitishwa hivyo hivyo ili waweze kucheza mchezo mkubwa wa mwisho wa msimu. Mwalimu mmoja, Jan Kemp, alipinga, akashushwa cheo, kisha akaondolewa kazini. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1986 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe zaidi ya dola milioni 2.5, ingawa kiasi hicho kilipunguzwa baadaye. Katika kesi hiyo wakili aliyewatetea viongozi wa chuo alieleza kwamba mchezaji wa namna hiyo huenda asiwe msomi kamwe, lakini akifundishwa kusoma na kuandika ataweza kufanya kazi posta badala ya kuzoa taka. Huo ndio ulikuwa utetezi! Miaka michache baadaye, mwaka 1989, Dexter Manley, nyota wa timu ya Washington aliyepitia Chuo Kikuu cha Oklahoma State, aliwaambia maseneta kwamba alifika chuoni na kutoka bila kujua kusoma.

Katika hali kama hiyo, NCAA ilipopitisha mwaka 1983 sharti lililoanza kutumika mwaka 1986, la wastani wa 2.0 katika masomo 11 pamoja na alama 700 za SAT, nia ilikuwa nzuri. Hata hivyo walioumia zaidi ni vijana weusi waliotoka katika shule duni, na viongozi wa vyuo vya watu weusi walisema hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1989 sheria ilipotaka kukazwa zaidi ili vijana wasiofikia alama hizo wanyimwe hata ufadhili, John Thompson, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, alitoka uwanjani kabla mechi haijaanza ili kupinga. Ninaona alikuwa na haki. Kumnyima mtoto shule kwa sababu shule yake ya awali ilimnyima elimu ni kumwadhibu mara mbili.

Kosa mimi silioni mlangoni, naliona ndani ya darasa. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa miaka 18 kulikuwa na masomo yasiyo na vipindi wala mwalimu wa kufundisha, ambamo mwanafunzi aliwasilisha karatasi moja na kupewa alama nzuri. Zaidi ya wanafunzi 3,100 walipitia humo, karibu nusu yao wakiwa wanamichezo. Mwaka 2017 NCAA ilishindwa kuwaadhibu kwa hoja kwamba masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Vijana wale walidahiliwa, walicheza, walipata alama, na hawakufundishwa. Dada, hapo ndipo pa kuogopa.

Baba wa Wawili (Houston)

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naomba tusiwaachie wasomaji picha kwamba wanaopunguziwa masharti ni watoto wa maskini tu. Katika kesi ya udahili ya Harvard, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2023, takwimu za chuo zilionyesha kwamba takriban asilimia 86 ya wanamichezo walioombwa na makocha walikubaliwa, wakati waombaji wengine waliokubaliwa walikuwa wachache kati ya mia. Wengi wa hao hucheza michezo inayohitaji fedha nyingi nyumbani, kama kupiga makasia na kuendesha mashua. Mwaka 2019 tuliona matajiri wakiwahonga makocha ili watoto wasiocheza kabisa waandikwe kuwa wanamichezo. Kwa hiyo anayemnyooshea kidole kijana wa Mama Tumaini kwa ajili ya wastani wa 2.5 aanze kwanza huko.

Mwanangu mkubwa aliingia chuo kwa alama za chini kuliko za wenzake, kwa sababu ya futiboli, na amemaliza shahada ya uhasibu. Hakumaliza kwa bahati. Chuo kilimlazimisha kukaa na mkufunzi wa hisabati kila wiki, na kocha hakumruhusu kukosa. Kanuni nayo inabana: mchezaji wa Daraja la Kwanza lazima awe ametimiza asilimia 40 ya masomo ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwisho wa tatu, na 80 mwisho wa nne. Ubaya wa kanuni hiyo ni kwamba vyuo vingine humsukuma mchezaji kwenye shahada nyepesi ili asilimia zitimie, hata kama alitaka uhandisi au uuguzi.

Mtakapokwenda kutembelea, msiulize kuhusu uwanja. Ulizeni wachezaji wa safu ya mbele wa mwaka wa tatu wanasomea nini, na ombeni kukaa nao bila kocha. Ulizeni kama mazoezi yanagongana na vipindi vya maabara. NCAA hutangaza kila mwaka kiwango cha kuhitimu cha kila timu. Angalieni cha timu ya futiboli, si cha chuo kizima.

Mama Tumaini

Asanteni sana, nyote. Nimekaa na ripoti ya kijana jana usiku, nikayatenga masomo ya lazima, na wastani ni 2.2. Baba yake ameuona. Kuna la mwisho: ikiwa chuo hakitamfaa, kuhama si rahisi siku hizi?

Mshauri wa Wanafunzi

Kuhama kwenyewe kumekuwa rahisi; tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje ya mechi, mradi masomo yake yako sawa. Kilicho kigumu ni masomo aliyokwisha kufanya, kwa kuwa chuo kipya kinaweza kuyakataa baadhi, na zile asilimia 40 na 60 zikamshinda kufikia. Vijana wengi pia huingia katika orodha ya wanaohama wasipate timu ya kuwapokea, na ufadhili wa chuo cha kwanza ukawa umekwenda.

Kwa 2.2 hiyo, mwandikishe hisabati ya kiangazi kabla nafasi hazijajaa, na uhakikishe somo lenyewe limo katika orodha ya NCAA ya shule itakayomfundisha.