Tupeane uzoefu: Kuandika soka kwa uhuru au ndani ya klabu, wewe yamekukuta yapi?

Mtaa wa Twiga na Msimbazi
Wakuu, habari za jioni.

Naandika habari za Simba na Yanga kwenye blogu yangu tangu enzi hizo blogu ndiyo habari ya mjini. Sasa klabu moja, msiniulize ipi, inanitaka kwenye kitengo chake cha habari. Mshahara upo, safari na timu zipo. Sharti lao blogu ife. Kabla sijawajibu, naomba waliopita njia zote mbili wafunguke. Nadharia ninazo za kutosha, nataka yaliyokukuta.

Naanza mwenyewe. Machi 8, 2025, dabi ilipoota mbawa. Jioni ya kuamkia mechi Simba walizuiwa kuingia Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, usiku wakatoa taarifa kwamba hawachezi. Yanga wakatoa yao kwamba wao uwanjani watakwenda, na kweli wakaenda. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Siku ile ukisoma ukurasa wa upande mmoja unaamini kabisa, ukihamia wa pili unaamini tena. Mimi nikakaa na kitabu cha kanuni: mgeni ana haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, sawa, lakini je, akinyimwa anaruhusiwa kugomea mechi yenyewe? Nikaandika maswali yote mawili. Wana Simba wakaniita Uto, yaani wa Yanga, wana Yanga wakaniita Kolo, yaani wa Simba. Sijawahi kusomwa kama siku ile, na tangazo la kunilipa sikupata hata moja. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga akashinda 2-0, matusi yakaanza upya.

Zamani Kitengoni
Mkuu, mimi nimekula mshahara wa klabu. Raha yake unajua usajili kabla ya Watanzania wote, karaha yake huwezi kusema. Unakaa na jina la mchezaji kifuani huku mtaani tetesi zinapotoshwa na unaziangalia tu, mpaka saa ya utambulisho ifike. Mchezaji goti limekwisha, daktari kashasema, wewe unaambiwa andika "anaendelea vizuri". Sikuwahi kulazimishwa kutunga uongo, niwe mkweli. Nilikuwa nakatwa tu sentensi ya pili ya kila habari.

Na mchezaji akiondoka kwa ugomvi, unafuta picha zake zote usiku huohuo.

Jukwaa la Sokoine
Nyie wa Dar mna bahati ya kuchagua. Huku mikoani mwandishi huru na msimamizi wa ukurasa wa timu mara nyingi ni mtu yuleyule, kwa sababu timu haina wa kumlipa. Mimi ndiye nilikuwa napiga picha za kikosi kwa simu yangu, na bando ni langu. Nilipoandika kwamba wachezaji wanadai mishahara, mechi iliyofuata jina langu getini halikuonekana. Nikalipa kiingilio, nikaandikia jukwaani katikati ya mashabiki. Nilipata habari nyingi kuliko nilizokuwa napewa na viongozi, maana wake za wachezaji wanakaa huko.

Shemeji wa Nairobi
Mnasahau njia ya tatu. Mimi ni wa Gor Mahia damu, kila msomaji anajua, na klabu hainilipi hata shilingi. Tukipigwa na watani wetu Ingwe, yaani AFC Leopards, naandika vibaya kuliko gazeti lolote na hakuna wa kuniambia nina chuki. Hao wanaojiita huru bila timu, mimi huwauliza tu: bao likiingia uliruka upande gani?

Kijiwe cha Magomeni
Shemeji umeua 😂

Ila tuangalie na upande wa pesa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja 2018, leseni ilikuwa shilingi 1,000,000, ombi peke yake 100,000. Blogu ya mtu mmoja unatoa wapi? Wengi walifunga, wengine wakakimbilia kwenye redio na kwenye klabu. Tusiwaite chawa wote, wengine walikuwa wanatafuta paa.

Kingine kinachonichekesha: 2021 Haji Manara alitoka kuwa msemaji wa Simba na mwaka huohuo akawa Yanga, watu wakampokea kwa shangwe. Wewe mwandishi huru msifu Yanga leo, kesho msifu Simba, uone utakavyoitwa kigeugeu.

Mtaa wa Twiga na Msimbazi
Mkuu wa Kitengoni, swali moja. Ulipoondoka, ulibaki na nini mkononi?

Zamani Kitengoni
Jezi, na marafiki wachache. Akaunti ni ya klabu, nywila ilibadilishwa hata barua yangu haijajibiwa. Video nilizohariri usiku kucha ziko kule na jina langu halipo popote. Kwa hiyo ukienda, blogu usiifute. Iandikwe kwenye mkataba kwamba inasimama tu, na kila kilichomo kinabaki chako. Wakikataa hilo ujue wanachonunua ni ukimya wako.

Mtaa wa Twiga na Msimbazi
Nimelipata, kesho nawapelekea sharti hilo nione watasemaje. Wengine endeleeni, hasa wa Zanzibar na mnaoandika ngumi au kikapu. Huko nako kuna klabu zinazoajiri waandishi, au kila mtu kivyake?