Kuhamia Kafka 4.0, nianzie wapi?

fundi_kodi: Wakuu, Kafka yetu (mfumo wa kupitisha ujumbe kati ya app) iko toleo 3.5 bado na ZooKeeper, ile huduma ya pembeni inayoratibu seva zake, bosi anataka 4.0. Naweza kuruka moja kwa moja?

seva_usiku: Usiruke mkuu, 4.0 haina ZooKeeper kabisa, imebaki KRaft tu, yaani Kafka inajiratibu yenyewe. Panda 3.9 kwanza, hamishia metadata (taarifa za mpangilio wa klasta) KRaft ukiwa hapohapo, acha ikae uangalie logi, ndo uende 4.0. Na ukishafunga uhamisho hamna kurudi ZooKeeper, usiharakishe hiyo hatua.

kiberiti: Java je? Kwa 4.0 broka (seva za Kafka) zinataka 17, klayenti (maktaba ya Kafka ndani ya app) 11. Halafu cheki zile app ambazo hakuna mtu anazigusa, klayenti za Kafka za toleo chini ya 2.1 broka mpya inazikataa, na ndo hizo huwa zinalia usiku wa manane

fundi_kodi: Duh, tunayo moja ya Java 8. Naanza na hiyo.