Mjadala: Buibui wa ndani ya nyumba, auawe au aachwe?

MiguuMinane: Jana usiku mwenzangu kampiga kandambili buibui ambaye nimekuwa nikimtazama wiki tatu pale pembeni mwa dirisha. Alikuwa akinasa nzi, hadai kitu. Aina za buibui zilizokwisha kutambuliwa zimepita 50,000, na zinazoweza kumdhuru mtu ni chache mno. Tunaua kwa nini? Naomba hoja, siyo mayowe.

Ufagio: Hoja ninayo: ni mdudu. Halipi kodi ya pango. Mwachie leo, kesho unaamka na utando puani.

MiguuMinane: Kwanza buibui SI mdudu. Mdudu ana miguu sita. Huyu ana minane, yuko kundi moja na nge na kupe. Tuanze na shule.

MwalimuMstaafu: Hapo umenigusa, kijana. Nani kakwambia mdudu lazima awe na miguu sita? Waandishi wa vitabu vya sayansi waliliazima neno letu, wakalibana. Kwa Kiswahili nilichokulia, mnyoo ni mdudu, nge ni mdudu, hata vile visivyoonekana: mwenye malaria huambiwa ana wadudu kwenye damu. Nao wana miguu sita?

MiguuMinane: Shikamoo mwalimu. Lakini lugha ya maabara na ya barazani ni mbili.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Ni mbili, ila ya barazani ndiyo mkubwa. Usiisahihishe mbele za watu.

NondoMtupu: Mkimaliza kuhesabu miguu, naomba nimtetee nondo. Eti anakula nguo! Nondo wa nguo akishaota mabawa hali chochote, kinywa chake hakifanyi kazi. Anayetoboa sweta ni kiwavi, tena wa aina chache tu kati ya zaidi ya 100,000. Wako nondo wanaochavusha maua usiku nyuki wakiwa wamelala. Na hariri mnayoringia inatoka kwa kiwavi wa nondo.

Ufagio: Nondo? Nilidhani mnazungumzia zile za kujengea.

NondoMtupu: Zile hazina mabawa. Na za hoja hujashusha hata moja tangu tuanze.

Ufagio: Haya, nicheke kidogo. Mimi niliumwa na buibui mguuni, nikavimba siku nne. Kaulize Australia wanavyokufa!

MiguuMinane: Ulimwona akikuuma, au uliamka tu na uvimbe? Huyo wa Sydney anayetisha dunia nzima, dawa ya sumu yake ilianza kutumika 1981, na tangu hapo hakuna kifo kilichothibitishwa.

Ufagio: Kwa hiyo mimi mwongo?

MiguuMinane: Sijasema hivyo. Nasema umemhukumu mtu ambaye hukumwona.

Ufagio: Sasa amekuwa MTU?

MwalimuMstaafu: Hapo Ufagio kakushika.

BintiUshungi: Nyie mnagombana, kuna joho la rangi ya dhahabu lilifumwa kwa nyuzi za buibui wa Madagaska, likaonyeshwa London 2012. Buibui zaidi ya milioni moja walikamuliwa uzi, kisha wakaachiwa. Hilo ndilo ningeliita buibui la buibui.

NondoMtupu: Buibui la buibui 😂 Mwalimu, ngeli gani hiyo?

MwalimuMstaafu: La kuvaa ni li-ya, wa ukutani ni a-wa. Angalau kuna mmoja anayejua lugha humu.

MamaPacha: Na popo mbona hamumtetei? Kila mtu anamwita mnyonya damu. Aina za popo zinapita 1,400, wanaokunywa damu ni tatu tu, zote za Amerika ya Kilatini.

Ufagio: Popo naye ni mdudu?

MiguuMinane: Jamani, swali langu lilikuwa la buibui aliyepigwa kandambili.

MamaPacha: Kandambili ndiyo nini? Si useme ndala.

MwalimuMstaafu: Ndala?! Ngoja nivae miwani.